Katuni za utotoni zilivyorudi mikononi mwa watu wazima

MWEZI Novemba mwaka 2025, kitabu kimoja cha katuni, toleo la kwanza la Superman lililochapishwa mwaka 1939, kiliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola milioni 9.12. Bei yake kilipotoka mitamboni ilikuwa senti 10. Ndugu watatu walikikuta mwaka 2024 katika dari ya nyumba ya marehemu mama yao huko California, ndani ya boksi lililofunikwa na magazeti makuukuu na utando wa buibui. Mama huyo na kaka yake ndio walionunua vitabu hivyo walipokuwa wadogo, katika miaka iliyo kati ya mdororo mkuu wa uchumi na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliwahi kuwaambia wanawe kwamba anazo katuni za thamani, lakini hawakuziona hadi alipofariki dunia.

Habari za namna hiyo huvuma kwa sababu ya fedha. Jambo linalostahili kuulizwa, hata hivyo, si bei, bali ni nini kinachomfanya mtu mzima mwenye kazi, familia na madeni yake akirudie kitu alichokiacha akiwa na umri wa miaka 12. Nchini Marekani swali hilo lina historia yake, nayo ni ya kizazi kilichoambiwa kwamba kinachokisoma ni takataka, kikakubali, kikakua, kisha kikarudi jalalani kuzitafuta takataka zake. Kurudi huko kuliiokoa sanaa nzima. Lakini pia, bila mtu yeyote kukusudia, kuliiondoa sanaa hiyo mikononi mwa watoto.

Wengi hudhani kwamba vitabu vya mwaka 1938 na 1939 ni adimu kwa sababu vilichapishwa vichache. Sivyo. Superman namba 1 ilichapishwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Uadimu ulikuja baadaye, na ulitokana na mikono ya watu. Karatasi iliyotumika ilikuwa ile duni ya magazeti, yenye asidi inayoila taratibu hadi inageuka kahawia na kukatika. Wakati wa vita, watoto wa shule walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu nyumba kwa nyumba kwa ajili ya mahitaji ya jeshi, na katuni zao zikaenda pamoja na magazeti ya baba zao. Zilizobaki zilisubiri siku ya mama kufanya usafi.

Kisha ikaja hofu. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1940 vitabu vya katuni viliuzwa kwa mamilioni kila mwezi, na wazazi, walimu na viongozi wa dini wakaanza kuamini kwamba vinawaharibu watoto. Mwaka 1948 vitabu hivyo vilichomwa moto hadharani katika miji kadhaa, ukiwamo Spencer katika jimbo la West Virginia na Binghamton katika jimbo la New York. Waliokuwa wakivitupa motoni walikuwa wanafunzi wenyewe, walimu wao wakiwa wamesimama kando.

Aliyeipa hofu hiyo sura ya kisayansi alikuwa Dk. Fredric Wertham, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa akiwatibu vijana maskini mjini New York. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 alidai kwamba katuni za uhalifu na za kutisha ni miongoni mwa vyanzo vya uhalifu wa watoto. Mwaka huohuo kamati ndogo ya Baraza la Seneti iliwahoji wachapishaji hadharani, nao kwa woga wakajitungia kanuni kali: wema sharti uushinde uovu katika kila hadithi, na neno la kutisha lisionekane kwenye jina la kitabu. Kampuni nyingi zilifunga milango. Miaka karibu 60 baadaye, majalada ya Wertham yalipofunguliwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mtafiti Carol Tilley wa Chuo Kikuu cha Illinois aliyapitia, na mwaka 2012 akaonyesha kwamba daktari huyo alikuwa amebadilisha na kutia chumvi maelezo ya baadhi ya watoto aliowanukuu. Wakati huo kanuni zenyewe zilikuwa zimekwisha kufa. Kampuni kubwa za mwisho kuzifuata ziliachana nazo mwaka 2011.

Watoto wa miaka ile walikua na aibu ndogo moyoni. Walijua kwamba walikipenda kitu ambacho watu wazima wenye heshima hawakipendi. Mmoja wao alikuwa Jerry Bails, ambaye katika miaka ya 1940 alikuwa na mapenzi makubwa na kundi la mashujaa liitwalo Justice Society of America. Kitabu kilichosimulia habari zao kiliacha kuwachapisha mwaka 1951. Bails akasoma, akawa mhadhiri wa chuo kikuu mjini Detroit, lakini hakuwasahau. Alimtafuta Gardner Fox, mwandishi wa hadithi zile, na hatimaye akafanikiwa kununua kwake nakala alizokuwa amezihifadhi.

Kijana mwingine wa jimbo la Missouri, Roy Thomas, alikuwa akizitafuta nakala hizohizo. Alimwandikia mhariri Julius Schwartz, mhariri akampa njia ya kumpata Fox, naye Fox akamwelekeza kwa Bails. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1961 wakatoa jarida lao dogo, Alter-Ego, lililochapwa kwa mashine ya kurudufu ya aina iliyotumika kuchapa mitihani shuleni. Schwartz alisaidia kwa njia ambayo huenda mwenyewe hakuipima uzito: alianza kuchapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Kwa mara ya kwanza mtu mzima aliyedhani ni yeye peke yake mwenye ugonjwa huo aligundua kwamba wenzake wako katika mtaa wa pili, au mji wa pili.

Mwaka huohuo wa 1961 ilitoka hadithi inayoeleza jambo hili vizuri kuliko makala yoyote. Flash, shujaa mwenye mbio zisizo na kifani, alikuwa amebuniwa mwaka 1940, akatoweka, kisha mwaka 1956 akabuniwa upya akiwa mtu mwingine kabisa, Barry Allen. Huyu wa pili alijiita Flash kwa sababu alikuwa amesoma katuni za yule wa kwanza. Katika toleo namba 123 la Septemba 1961, Barry Allen anavuka bila kutarajia na kuingia katika dunia nyingine, na huko anamkuta shujaa wake wa vitabuni akiwa hai, ana mke, na nywele zake zimeingia mvi pembeni. Aliyeiandika hadithi hiyo ni Gardner Fox yuleyule, aliyemwandika pia Flash wa mwaka 1940. Mtu mzima kumkuta shujaa wa utoto wake akiwa amezeeka: wasomaji wa rika la Bails walielewa vyema nani anazungumziwa.

Kwa nini mvuto huo ni mkubwa kiasi hicho? Wanasaikolojia wanaochunguza kumbukumbu wanasema kwamba watu waliovuka miaka 40 hukumbuka kwa wingi na kwa uwazi zaidi mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30. Lakini katuni zina sababu yao ya ziada. Mtoto haisomi katuni mara moja. Huisoma mara 20, huiazima kwa rafiki na kuirudisha, huisoma kitandani akiwa na homa, hadi kila kisanduku cha picha kinakaa kichwani kama chumba cha nyumba aliyokulia. Hata harufu ina kazi yake. Ile harufu tamu ya kitabu kikuukuu hutokana na karatasi inayooza polepole. Mtu anapoivuta puani na kufumba macho, anachonusa ni kitabu kinachokufa.

Wanaorudi hukuta pia mambo yasiyopendeza. Akipenda, chongo huita kengeza, lakini jicho la mtu wa miaka 45 si la mtoto wa miaka 9. Hadithi nyingi za miaka ya 1940 ziliandikwa mbiombio. Mhusika anaeleza kwa maneno kile ambacho picha imekwisha kukionyesha, na michoro ya kurasa za mwisho ni dhahiri ilimalizwa usiku wa manane. Hilo husameheka. Gumu zaidi ni namna watu weusi walivyochorwa, wenye midomo mikubwa na akili ndogo, na namna Wajapani walivyochorwa wakati wa vita. Mwandamani mmoja mweusi wa shujaa Captain Marvel, aliyeitwa Steamboat, aliondolewa mwaka 1945 baada ya kundi la wanafunzi wa New York kumwendea mhariri na kulalamika. Inafaa kukumbuka kwamba hao walikuwa watoto. Huko Ubelgiji, mchoraji Hergé alipokichora upya mwaka 1946 kitabu chake cha safari ya Tintin nchini Kongo, aliliondoa somo ambamo Tintin anawafundisha watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka hesabu ya kujumlisha. Picha zenyewe za Waafrika zilibaki karibu vilevile. Msomaji anayekirudia kitabu hicho leo akiwa Brussels au Lubumbashi hana budi kuamua afanye nini na kicheko chake cha zamani.

Lakini kuna jambo ambalo mtoto hakuliona na mtu mzima huliona mara moja: kazi. Nyuma ya kila ukurasa alikuwapo mtu aliyelipwa kwa ukurasa, na mara nyingi jina lake halikuandikwa. Vitabu vya bata Donald Duck na mjomba wake tajiri, bahili Scrooge, vilitoka vikiwa na jina la Walt Disney peke yake. Hata hivyo watoto walijua. Bila kuambiwa na mtu, walitambua kwamba baadhi ya hadithi hizo zimechorwa na mkono mmoja, ulio bora kuliko mingine, na wakamwita tu mchoraji mzuri wa mabata. Walipokua wakaanza kuulizia. Mwaka 1960 barua ya kwanza ilimfikia Carl Barks, ambaye wakati huo alikuwa ameichora kazi hiyo kwa takribani miaka 18. Alidhani kuna mtu anamfanyia mzaha.

Wabunifu wa Superman wenyewe, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zao zote mwaka 1938 kwa dola 130. Katikati ya miaka ya 1970 hali zao zilikuwa duni, na Shuster alikuwa karibu kipofu. Kampeni iliyowatetea iliongozwa na wachoraji, wakiwamo Neal Adams na Jerry Robinson, lakini iliungwa mkono na watu wazima walioisoma kazi ya wawili hao utotoni na sasa walikuwa wanahabari na watangazaji. Mwezi Desemba 1975 kampuni ya Warner ilikubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarudisha majina yao kwenye kila hadithi ya Superman. Ukilinganisha na dola milioni 9.12 za mnada wa juzi, hesabu hiyo inakera. Hata hivyo, bila wale wasomaji wa zamani, huenda wasingepata hata hicho.

Ilikuwa vigumu mapenzi makubwa namna hiyo yasizae biashara. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 katuni za Marekani ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti, maduka ya dawa na maduka ya vyakula, na nakala zisizouzwa zilirudishwa kwa hasara ya mchapishaji. Mwaka 1973 mwalimu mmoja wa Brooklyn, Phil Seuling, aliyekuwa akiandaa makongamano ya wapenzi wa katuni, alikubaliana na wachapishaji anunue kwa bei ya chini zaidi bila haki ya kurudisha kitu. Ndipo yakazuka maduka maalumu ya katuni, yakiendeshwa na wapenzi kwa ajili ya wapenzi. Mchapishaji sasa alijua mapema atauza nakala ngapi, na akathubutu kuchapisha kazi ambazo duka la dawa lisingezigusa. Matunda ya mpango huo ni mengi. Hali hiyo mpya ndiyo iliyoikuza Maus ya Art Spiegelman, inayosimulia mateso ya baba yake katika kambi za Wanazi, na mwaka 1992 ikawa katuni ya kwanza ya kitabu kupewa tuzo ya Pulitzer.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana taratibu. Duka maalumu ni mahali pa kwenda kwa makusudi. Mtoto wa miaka 8 haendi huko akiwa ametumwa mkate. Vibanda vikaacha kuuza katuni kwa sababu faida ilikuwa ndogo. Bei, iliyokuwa imesimama kwenye senti 10 hadi mwaka 1961, ikapanda hadi dola nne na tano za leo kwa kitabu chembamba. Hadithi nazo zikawa ndefu na zenye kutegemea mambo yaliyotokea miaka 30 iliyopita, ambayo ni msomaji wa miaka 30 tu aliyeyajua. Waliorudi kuutafuta utoto wao waliujaza ukumbi, na watoto wenyewe wakakosa viti.

Kisha uchu ukaingia. Habari za vitabu vikuukuu kuuzwa kwa maelfu ya dola ziliwafanya watu waamini kwamba ya kale ni dhahabu, na kwamba ya leo yatakuwa dhahabu kesho. Mwaka 1991 X-Men namba 1 ilitolewa ikiwa na majalada matano tofauti na zikauzwa kwa wenye maduka nakala zaidi ya milioni 8. Mwaka 1992 toleo la kifo cha Superman lilitoka likiwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, na wengi walilinunua na kulihifadhi bila kuufungua mfuko. Walisahau kwamba vitabu vya mwaka 1939 vina thamani kwa kuwa vilisomwa, vikachanwa na kutupwa. Kitu ambacho kila mtu amekihifadhi hakina mnunuzi. Soko liliporomoka, maduka yakafungwa kwa wingi, na mwezi Desemba 1996 kampuni ya Marvel ikaomba ulinzi wa sheria ya muflisi. X-Men ile bado hupatikana kwa dola chache.

Hata vile vya thamani halisi vimepatwa na jambo la ajabu. Tangu mwaka 2000 ipo kampuni inayovipima vitabu vya katuni, kuvipa alama na kuvifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Kasha likivunjwa, alama hupotea. Kwa hiyo vitabu vinavyouzwa ghali kuliko vyote duniani ni vitabu ambavyo haviwezi kufunguliwa.

Afrika Mashariki mkondo ulikuwa mwingine. Huku katuni za Kiswahili hazikuanza kama bidhaa ya watoto. Zilikuja ndani ya gazeti la mtu mzima. Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory alikaa katika gazeti la Uhuru, na Juha Kalulu wa E.G. Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Baba alisoma, mtoto akachungulia begani. Hata Sani, lililowapa wasomaji wa Tanzania kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, halikuwa la watoto, ingawa watoto ndio waliolisoma kwa kujificha. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam au Mwanza anayeyataja majina hayo leo huyataja bila haya, na mwenzake hucheka kabla hajamaliza. Kilichofanana na cha Marekani ni mwisho wa karatasi zenyewe. Gazeti likishasomwa na mtaa mzima lilifungia karanga na maandazi, na hakuna aliyedhani kwamba kuna siku atalitaka tena. Anayezo nakala chache kabatini amezihifadhi kwa bahati tu, kama yule mama wa California, na karatasi yake inaliwa na asidi ileile, tena katika joto na unyevu uliozidi.

Nchini Marekani watoto wamerejea, lakini kupitia mlango mwingine. Mwaka 2005 kampuni ya Scholastic, ambayo kwa miongo mingi imeuza vitabu shuleni, ilifungua kitengo cha katuni za watoto. Kitabu cha Raina Telgemeier kuhusu meno yake yaliyoumia akiwa mwanafunzi kilitoka mwaka 2010, na mbwa askari wa Dav Pilkey alianza vitabu vyake mwaka 2016. Vyote vimeuzwa kwa mamilioni. Hupatikana maktabani na kwenye maduka ya kawaida ya vitabu. Wakusanyaji wa vitabu vya zamani hawavijali sana, na pengine hiyo ni heri kwa watoto. Vinashikwa na vidole vyenye siagi.

Kwa yule asiye na mamilioni ya dola lakini angependa kuyasoma tena ya utotoni, tiba imepatikana bila minada. Wachapishaji wamegundua kwamba wasomaji wa zamani wanaitaka hadithi, na kwamba si lazima iwe kwenye karatasi ya mwaka uleule. Tangu mwaka 2011 kampuni ya Fantagraphics inazichapisha upya hadithi zote za mabata za Carl Barks, juzuu baada ya juzuu, katika karatasi imara. Mwenyewe alifariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 99. Jina lake limeandikwa kwenye jalada.